Mshono wa Upande wa Mlango

Shemeji alianza kupiga honi tangu kona ya mtaa, na mshonaji akajua mambo si shwari, maana siku nyingine yule bwana huingia gereji polepole kama bwana harusi, apate kutazamwa vizuri, yeye na gari lake. Leo aliingia kwa fujo, akafunga breki nusura aukumbe mlango wa chumba cha cherehani, akashuka bila hata salamu.

"Shemeji, kaka yuko wapi?"

"Yuko chini ya lori huko nyuma. Kwani kuna nini?"

"Taa imewaka. Nyekundu. Inanikodolea macho tangu asubuhi, na alfajiri nampeleka mama hospitali ya macho. Mwendo wa kutwa nzima huo! Siwezi kusafiri na taa inanitolea macho hivyo."

Mshonaji alikuwa na pini mbili mdomoni. Alizitoa, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake, akatoka nje. Ndani ya gari, kiti cha mbele, mama mkwe alikuwa ameketi wima na mkoba wake mapajani, uso ameuelekeza kwenye kioo kana kwamba safari imeshaanza. Macho ya mama yalikuwa yamefunga ukungu kwa miaka miwili. Alimjua mtu kwa sauti na kitu kwa vidole, na vidole vyake havikuwa na huruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mumeo aje upesi, mdogo wake ananipandisha presha."

Mume akaja akijifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. Mtaa mzima ulimwita Waya, kwa kuwa kazi yake ilikuwa umeme wa magari na kwa kuwa alikuwa mwembamba. Aliinama dirishani, akaitazama ile taa: mtu mdogo ameketi, na mbele ya kifua chake duara kama puto.

"Eabegi," alisema. "Mfuko wa hewa. Mahali fulani waya wake umelegea, au umekatika."

"Basi izime."

"Kuzima si kutengeneza, mdogo wangu."

"Kaka, usinifanyie ushehe. Mtaa mzima huu mnazima. Mnaiunga na taa ya oili, zinawaka pamoja, zinazimika pamoja, mtu anakwenda zake na roho safi. Nimesema uongo?"

Hakusema uongo. Gereji zote za mtaa ule zilizima, na wenye magari walizipenda kwa hilo. Waya peke yake ndiye aliyekuwa akikataa, akawa anaitwa mwenye maringo, na wateja wakavuka barabara. Lakini wateja si ndugu. Huyu ndiye aliyemdhamini walipokuwa wanapanga kiwanja hiki, akatia sahihi yake ya mtu wa benki pale ambapo sahihi ya fundi haikutosha, na tangu siku ile hajaacha kuikumbusha, kwa utani, mbele za watu.

Waya alikuna shingo. Akamtazama mama yake, akatazama jua lilivyoanza kuinama.

"Nikianza kutafuta, sijui nitamaliza saa ngapi."

"Ndiyo maana nakwambia uizime. Tukirudi utatafuta mpaka uchoke."

"Haya," Waya alisema kwa sauti ndogo. "Nitaizima."

Mshonaji alilisikia lile neno, macho yakamwendea kwenye viti.

Wiki moja nyuma, gari hilihili lilikuwa limesimama hapahapa, milango yote minne wazi, naye ndani yake akivisha kava za viti. Ilikuwa kazi aliyoipigania. Shemeji alitaka kununua zile za dukani, za kuvuta na mpira, na mshonaji akamwambia, "Shem, niachie mimi. Ukiona mbaya, zichome moto." Alipima, alikata, alishona, na upande wa mlango, mahali watu wanapojisugua wakipanda na kushuka na kava za wengine hufumuka kabla ya mwezi kuisha, alipitisha uzi wa viatu, mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini. Vya wengine vinafumuka, vya kwake havifumuki.

Mama mkwe alipoletwa kuviona viti, yaani kuvishika, alipitisha vidole kutoka juu hadi chini kwenye ule mshono. Yule mama hakuwahi hata siku moja kumpa mkwewe nguo ya kushona. Mbele ya macho ya mkwewe alizivusha barabara kwa mshonaji wa ng'ambo, zikipita mlangoni pake zimekunjwa kwapani, miaka yote ya ndoa. Siku ile aliusugua ule mshono kwa kidole gumba, akauvuta kwa kucha, akasema watu wakisikia: "Hapa nakubali. Huu hata wavute watu kumi hautoki."

Mshonaji alilala na maneno yale na kuamka nayo wiki nzima. Aliyarudia moyoni akiosha vyombo.

Sasa alikumbuka mambo mengine. Alikumbuka kamba za chini ya kava. Zilitaka pa kufungwa, naye akapenyeza mkono chini ya kiti bila kuchungulia, akapapasa, akakuta kitu kigumu kama fimbo nyembamba, kimevaa gamba la plastiki. Akafunga kamba hapo, akakaza, akafunga tena. Alipotoa mkono aliona kwa pembe ya jicho kwamba kile kitu kilikuwa cha manjano. Mumewe hakuacha kusema kila siku ya Mungu: nyaya za manjano haziguswi. Lakini yale yalikuwa maneno ya mafundi umeme, na yeye alikuwa anafunga kamba tu.

Alirudi chumbani akaketi kwenye cherehani. Akasimama. Akaenda dirishani, akarudi, akachukua mkasi, akauweka palepale alipoutoa. Mwishowe akafungua kopo la pini, akapekua kwa kidole mpaka chini kabisa, akakiona: kipande cha kitambaa, kidogo kama ukucha, alichokuwa amekikata ubavuni mwa kiti cha mbele kwa sababu kilifanya kava ivimbe. Kimeandikwa maneno ya kutaja eabegi. Siku ile aliyasoma vizuri tu, wala hakujali, maana kila mtu anajua eabegi inakaa kwenye usukani. Alidhani ni majigambo ya kiwanda, kama wanavyoandika kwenye viatu kuwa ni ngozi.

* * *

Alimkuta mumewe nyuma ya gari, anachagua koleo sandukuni.

"Nikuulize kitu. Hiyo eabegi si inakaa kwenye usukani?"

"Na kwenye dashibodi, mbele ya abiria." Hakuinua kichwa. "Na magari mengine ubavuni mwa kiti."

"Ubavu upi?"

"Wa mlangoni. Ukipigwa ubavu, inachomoka pale kwenye mshono wa kiti, inajaza ile nafasi kati yako na mlango. Ule mshono wa kiwandani wameutia uzi wa kukatika makusudi, unapasuka kabla hujapepesa jicho."

Alisema yote hayo kwa wepesi, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Halafu koleo likamganda mkononi. Akageuka.

Mshonaji alifumbua kiganja.

Waya alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili. Akakigeuza, akasoma nyuma, ambako hapakuwa na kitu. "Umeshona hivyo viti vyote viwili vya mbele?"

"Vyote viwili. Na kamba nimezifunga kwenye kitu cha manjano."

"Mama yangu!" Waya alikaa juu ya sanduku la spana. "Na mimi niliziangalia zile kava. Niliketi. Nikasema safi kabisa. Nilikuwa naangalia nini mimi?"

Akashusha sauti. "Sikiliza. Usiseme kitu. Naizima taa, waende zao. Wakirudi tutasema kava zinataka kufuliwa, tunazitoa, unafumua, tunazirudisha. Hakuna atakayejua."

"Na wakipigwa ubavu njiani?"

"Magari mangapi yanatembea hayana eabegi kabisa? Watu wanafika."

"Hayana, sawa. Hili linayo, Waya. Inataka kutoka, na mlango nimeufunga mimi. Itafanya nini?"

Mumewe angeweza kusema uongo, na huenda angesamehewa. "Sijui," alisema. "Inaweza kuchelewa. Inaweza kutafuta pengine pa kutokea, ikamsukuma mtu badala ya kumkinga. Ina nguvu, ile. Siyo mto wa kulalia."

"Na anayekaa hapo ni mama yako."

"Najua anayekaa hapo!" Alijibu kwa ukali, kisha akajutia ukali wake, akamshika mkono. "Unamjua mdogo wangu. Atatucheka mpaka tuhame. Na mama je? Amekusifu mara moja tu tangu nikuoe."

Mshonaji aliondoka. Alizunguka lori, akazunguka pipa la maji, akajikuta amerudi palepale. Miguu ilikataa kutulia. Kwa kweli alimchukia mumewe kidogo, kwa kuwa alikuwa amelitaja lile jambo lenyewe. Angesema kodi, angesema wateja, angejibiwa. Lakini ile sifa moja ya mama aliitaka, aliitaka mno, kama mtoto anavyotaka kitu alichoahidiwa.

"Mkwe wangu!" Mama mkwe alikuwa anaita kutoka garini. "Wewe mke wa Waya! Njoo hapa!"

Mlango wa gari ulikuwa wazi, na mbele yake amesimama mshonaji wa ng'ambo, mikono kiunoni, tepu ya kupimia shingoni kama cheo. Alikuwa amevuka kumtakia mama safari njema, na mama hakutaka aondoke mikono mitupu.

"Nilikuwa namwambia mwenzio," mama alisema, "mimi sioni, lakini vidole havinidanganyi. Hebu vuta hapo. Vuta! Usiogope."

Yule wa ng'ambo aliuvuta mshono kwa vidole viwili, kwa adabu. Halafu akauvuta kwa mkono mzima. Mwishowe akaweka goti kwenye kizingiti cha mlango, akavuta kwa chuki. Uzi haukutoa hata mlio.

"Umekaza," alikiri, akihema.

"Nilikwambia! Huyu ni mke wa mwanangu."

Shemeji akacheka kwa fahari, kama vile yeye ndiye aliyeshona. Waya alikuwa amefika na koleo lake, amesimama upande wa dereva, kichwa chini. Alikuwa anasubiri mkewe anyamaze, apate kuifanya ile kazi asiyoitaka.

"Mama," mshonaji alisema, "shuka kwenye gari."

"Nishuke niende wapi? Naona raha hapa."

"Shuka, mama yangu. Huo mshono nimeukosea."

Mama alicheka. "Umeukosea vipi? Si unaona hautoki?"

"Ndilo kosa lenyewe, mama. Hapo unatakiwa utoke."

Akapasua jipu lote, palepale, bila kumtazama mtu: mfuko wa hewa ulikuwa ndani ya kiti, ungetakiwa kuchomoka pale wakigongwa, naye ameuziba kwa uzi wa viatu mara mbili; alama ya kuonya aliikata kwa mkasi wake mwenyewe; na ile taa, hajui kwa hakika, lakini alifunga kamba pasipofungwa kamba.

"Yaani," shemeji alisema taratibu, "nimeomba kava, umenishonea jeneza?"

"Pole, jirani," alisema yule wa ng'ambo, kwa ile pole ambayo mtu huondoka nayo akaitangaze. Na kweli aliondoka, haraka kuliko alivyokuja.

"Gari langu! Jamani, gari langu jipya! Nilitaka za dukani mimi, nikasema hapana, tuwape ndugu kazi, ndugu wapate..."

"Nilizikagua mimi," Waya alisema.

"Nini?"

"Kava. Nilizikagua na kuzipitisha. Fundi wa gari hapa ni mimi, yeye ni fundi wa nguo. Kama ni kutukana, gawa sawa." Alitupa koleo sandukuni, likalia. "Na taa siizimi. Fungua boneti."

* * *

Mama alishushwa, akaletewa kiti mlangoni pa chumba cha cherehani. Aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Mshonaji angependa atukanwe, yaishe.

Waya alichomoa kebo ya betri, akaifunika kwa tambara isije ikarudi yenyewe, kisha akakaa chini.

"Sasa unakaa?" Shemeji alikuwa anapima gereji kwa hatua. "Jua linazama, kaka!"

"Hii kitu inaweka umeme wake tumboni. Betri ikitoka, bado inao kidogo. Tunangoja uishe."

"Si upime tu na kile kitaa chako cha kupimia? Uone kama umeisha?"

"Kitaa hichohicho ndicho kinachoweza kuifyatua. Kichwa changu kitakuwa chini ya kiti. Unataka kumzika nani, mimi au kava?"

Shemeji akaenda kuliangalia lori la watu. Wakangoja. Mshonaji hakuweza kukaa. Alifagia mahali palipokwisha fagiliwa, akakunja vitambaa, akavikunjua.

Hatimaye Waya akalala chali, akaingiza mkono na tochi chini ya kiti cha abiria. Walimsikia akiguna. "Fundo lako nalo!" alisema kutoka kule chini, na haikujulikana kama ni lawama au heshima. Kamba ilikuwa imevuta plagi ya manjano mpaka ikatoka nusu. Kila mtu alipoketi, kava ilivuta, na plagi ikazidi kuchomoka. Aliikata kamba, akairudisha plagi mpaka ikalia tiki, akahamia kiti cha pili.

Kisha ikawa zamu ya mshonaji. Alipiga magoti kwenye changarawe, upande wa mlango, akaegemeza shavu karibu na kiti.

"Chukua wembe, utamaliza mara moja," shemeji alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wembe hapana," Waya alidakia. "Chini ya kava kuna mshono wa kiti. Akiuchana ule, ndiyo tumeharibu kabisa."

Basi akafumua kwa ncha ya sindano, tundu kwa tundu. Uzi ulikuwa wake, mkono ulikuwa wake, na vyote viwili vilimkatalia. Mahali pengine uzi ulikuwa umezama kwenye kitambaa asipate pa kuuinua. Vidole vilimuuma, jasho likamwingia machoni, na mara moja, katika hasira, alijikuta anajisifu: jamani, nilishona! Ikamjia kucheka, halafu ikamjia kulia, akalia kidogo huku akiendelea.

Kivuli kikamfunika. Mama mkwe alikuwa ameacha kiti chake, amekuja akipapasa ubavu wa gari. Alichuchumaa kwa shida, akatafuta kitambaa kwa vidole, akakishika pande mbili za mshono, akakivuta kikakaza, uzi ukainuka.

"Endelea," alisema.

Mmoja alivuta, mwingine alifumua, hadi ubavu wa kiti ukabaki wazi, kijivu cha kiwandani kikichungulia, kibaya kama fizi isiyo na meno. Wakahamia upande wa dereva. Kile kitambaa kidogo mshonaji alikirudisha kwa gundi ya viatu kwenye plastiki ya kando ya kiti, sindano isiende huko tena, na pindo za kava akazilaza nyuma zisiguse.

Waya alisubiri wote watoe vichwa na mikono, akarudisha betri, akaingiza ufunguo. Yule mtu mdogo mwekundu akawaka, puto kifuani. Wote wanne walimkodolea macho, hata asiyeona. Shemeji alianza kuhesabu kwa midomo. Kisha akazimika.

"Imezimika?" mama aliuliza.

"Imezimika, mama," Waya alisema. "Gari lako lina huruma, mdogo wangu. Mengine yangedai mashine ya kuyasahaulisha kosa."

"Imezimika yenyewe?" shemeji aliuliza, kama mtu asiyeamini bahati. "Hukuunga na oili?"

Waya alifunga boneti. Shemeji alitazama ule ubavu mbaya wa kiti, akafungua mdomo, akamwona mama yake anajifuta vumbi magotini, akaufunga.

* * *

Alfajiri mshonaji alikuwa nje kabla ya gari kufika. Hakuwa amelala vizuri. Usiku aliusikia mtaa mzima ukimcheka, ingawa mtaa ulikuwa umelala, na alishaanza kupanga maneno ya kumjibu yule wa ng'ambo. Hakuna neno hata moja lililotosha.

Shemeji alisimamisha gari bila kuzima injini. "Tumepita kuaga tu," alisema, macho mbele. Halafu, kwa shida, "Asubuhi njema, shem."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Mshonaji aliona vidole vyake vikishuka ubavuni, vikapita pale palipo wazi, vikakutana na ule ubaya wote, vikarudi mapajani. Mkoba alioulaza kati yake na mlango aliutoa, akauweka miguuni.

"Safari njema, mama. Mungu awaongoze."

"Amina." Mama aliingiza mkono kwenye mkoba, akachakura, akatoa kitu kilichokunjwa, akakitoa dirishani kuelekea ilikotoka sauti. Lilikuwa gauni lake la bluu, lile la kutokea.

"Pamefumuka kwapani. Yule wa ng'ambo amepashona mara mbili, na mara mbili pamefumuka. Nikirudi nilikute tayari."

Mshonaji alilipokea kwa mikono miwili. "Nitatia uzi wa nguvu, mama."

"Mimi najuaje? Tia unaofaa. Fundi si wewe?" Akapiga dashibodi kwa kiganja. "Twende, baba, jua lisitukute mjini."

Gari likatoka polepole, kama bwana harusi, likakata kona. Waya aliita chai. Mshonaji alikuwa ameingia chumbani, ameketi kwenye cherehani, na gauni limelala mapajani, kwapa juu. Aliuvuta mshono wa mwenzake ukaachia bila ubishi. Akafungua droo, akatoa uzi wa viatu, akaulinganisha, akaurudisha. Akatoa wa pili, mwembamba zaidi. Akausogeza mlangoni kwenye mwanga, akauvuta taratibu kati ya vidole vyake, kuona unakatikia wapi.